Je, wajua kwa nini Japani iliipiga Pearl Harbor, na vita yenyewe ikafikaje mpaka Kilindini?

Wengi wetu tukisikia Pearl Harbor tunajua kitu kimoja tu, kwamba Wajapani walikuja asubuhi wakapiga meli za Marekani kule Hawaii, baadae Marekani ikalipa kwa bomu la atomiki, basi. Lakini ukiuliza kwa nini nchi ambayo haikwenda kuiteka Hawaii, wala haikuwa na mpango wa kuitawala Marekani, ivuke bahari yote ile kwenda kuchokoza nchi kubwa kuliko yenyewe, hapo watu wanaanza kuangaliana. Na ukiongeza kwamba vijana wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, waliokufa kwenye misitu ya Burma, Myanmar ya leo, walipelekwa huko na moto uliowashwa asubuhi ile ile, wengine wanakataa kabisa. Hebu tuanze mwanzo.

Jibu la kwa nini ni neno moja, mafuta.

Japani ya miaka ile ilikuwa na viwanda na jeshi la majini la kutisha, ila chini ya ardhi yake mafuta ni kama hamna, karibu asilimia 80 ilikuwa inanunua Marekani. Sasa tangu Julai 1937 ilikuwa imezama kwenye vita ya kuiteka China, vita isiyoisha, inameza watu na pesa kila siku, na Julai 1941 ikaingiza majeshi kusini mwa Indochina ya Wafaransa, yaani Vietnam ya leo na jirani zake. Marekani ikaona imetosha, ikazuia mali zote za Japani zilizoko kwake, na Agosti mafuta yakakatwa, Waingereza na Waholanzi nao wakafuata. Manowari zipo, ndege zipo, na bomba limefungwa. Akiba ilikuwepo lakini kila siku inayopita matangi yanashuka, na mahesabu yalionyesha ni kama miaka miwili tu hivi, wakipigana vita kubwa hata huo muda haufiki.

Walikuwa na njia mbili. Watoke China, jambo ambalo kwa majenerali wa Tokyo lilikuwa aibu isiyomezeka baada ya kuzika vijana wengi kiasi kile, au waende wakachukue mafuta kwa nguvu. Na mafuta ya karibu yalikuwa kwenye visima vya Indonesia ya leo, koloni la Uholanzi, na Uholanzi yenyewe ilishakaliwa na Hitler tangu Mei 1940. Pembeni yake kuna Malaya ya Mwingereza, mpira na bati tele. Mali iko wazi, mwenyewe ana matatizo yake nyumbani. Tatizo ni kwamba njiani kuna Ufilipino iliyokuwa chini ya Marekani, na huo mwaka 1940 Rais Roosevelt alishaamua manowari za Pasifiki zisirudi California, zibaki Pearl Harbor kwenye kisiwa cha Oahu. Wajapani wakawaza kwamba wakishuka kusini, zile meli zitawapiga ubavuni. Kwahiyo wazivunje kwanza zikiwa zimelala, wapate miezi kadhaa ya kuchukua wanachotaka na kujenga ngome, halafu Marekani ikiamka ikute kazi imeisha ikubali mazungumzo. Hilo ndo lilikuwa wazo zima.

Alielipanga ni admirali Isoroku Yamamoto, na mimi huyu mtu ananisikitisha kila nikimsoma, maana hakuitaka vita na Marekani. Alisoma Harvard, akafanya kazi ubalozini Washington, viwanda vya kule alivijua. Alimwambia waziri mkuu Konoe waziwazi kwamba akilazimishwa kupigana atatamba miezi sita au mwaka, baada ya hapo hana imani tena. Akalazimishwa, na akaona kama ni lazima basi pigo la kwanza liwe zito kuliko yote. Na kupiga kwa kushtukiza halikuwa jambo geni kwao, vita ya Japani na Urusi nayo ilianza Februari 1904 kwa kuvamia manowari za Warusi usiku pale Port Arthur kabla vita haijatangazwa. Yamamoto mwenyewe alipigana vita hiyo akiwa kijana, akapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto kule Tsushima mwaka 1905.

Lakini kulikuwa na kikwazo cha kiufundi, na hiki ndo sehemu ninayoipenda zaidi. Bandari ya Pearl Harbor ina kina kifupi, kama mita 12 hivi. Torpido, yaani kombora linalokimbia ndani ya maji, ikidondoshwa na ndege kwa kawaida inazama kwanza kwenda chini sana ndo inyanyuke ikimbie kuelekea meli, kwahiyo kwenye maji mafupi inajichoma kwenye tope na kubaki hapo. Wamarekani wengi waliamini bandari yao iko salama kwa sababu hiyo, japo Novemba 1940 Waingereza walikuwa wameshazipiga meli za Italia bandarini Taranto kwa ndege 21 tu, na pale napo maji hayakuwa marefu. Wajapani waliifuatilia Taranto kwa makini. Walichofanya ni kufunga mapezi ya mbao kwenye mkia wa torpido, yanaizuia isizame sana ikigonga maji, halafu mbao zinakatika zenyewe na torpido inaendelea na safari. Marubani wakafanya mazoezi miezi kwenye ghuba ya Kagoshima, wakiruka chini sana juu ya mapaa ya nyumba za watu.

Tarehe 26 Novemba 1941 meli sita za kubeba ndege, Akagi, Kaga, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku, ziliondoka visiwa vya Kuril chini ya admirali Nagumo. Zilipita kaskazini kwenye baridi na mawimbi ambako meli za biashara hazipiti, redio kimya kabisa.

Jumapili tarehe 7 Desemba, kabla hata saa moja asubuhi haijafika, manowari ya Marekani iitwayo Ward iliona nyambizi ndogo ikijaribu kuingia bandarini ikaizamisha na kutoa taarifa, taarifa ikawa inazunguka maofisini ikitafuta wa kuithibitisha. Saa moja na dakika mbili askari wawili wa rada waliona kundi kubwa la ndege linakuja kutoka kaskazini, wakapiga simu, ofisa wa zamu akawaambia wasijali, akidhani ni ndege zao wenyewe zinazotegemewa kutoka California. Naona ni rahisi kumlaumu leo, ila ilikuwa Jumapili, hakuna vita, na ndege kutoka California kweli zilikuwa njiani.

Saa mbili kasoro dakika tano mabomu yakaanza. Ndege 183 wimbi la kwanza, 170 wimbi la pili. Ndani ya manowari West Virginia alikuwepo kijana wa Texas anaitwa Doris Miller, mpishi msaidizi, maana jeshi la majini la Marekani enzi hizo Mweusi kazi yake ilikuwa jikoni na kuwahudumia maofisa. Alikuwa anakusanya nguo chafu za kufua torpido zilipoanza kugonga. Akapanda juu, akasaidia kumbeba nahodha aliyejeruhiwa vibaya, halafu akashika bunduki kubwa ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia, akapiga mpaka risasi zikaisha. Mei 1942 alivishwa nishani ya Navy Cross, Mweusi wa kwanza kuipata. Miezi 18 baadae alikufa vitani baharini, na jeshi lile lile lililomweka jikoni limeamua kuipa jina lake meli mpya ya kubeba ndege.

Ndani ya meli hiyo hiyo, chini kabisa, vijana watatu walifungiwa hai kwenye chumba ambacho maji hayakuingia. Wenzao waliokuwa juu walisikia mlio wa kugonga chuma usiku na mchana na hawakuweza kufanya kitu. Meli ilipoinuliwa mwaka 1942 walikuta kalenda yao imetiwa alama siku kwa siku mpaka tarehe 23 Desemba.

Arizona yenyewe ilipigwa bomu lililotengenezwa kutoka kombora la manowari, likatoboa sitaha likafika stoo ya baruti, watu 1,177 wakafa kwenye meli hiyo peke yake. Jumla ya Wamarekani waliokufa siku ile ni 2,403, manowari kubwa zote nane zilizokuwepo ziliumia na nne zikazama, Japani ikapoteza ndege 29.

Sasa angalia kilichobaki. Meli za kubeba ndege za Marekani hazikuwepo bandarini, zilikuwa safarini. Chelezo za kutengenezea meli hazikuguswa, kambi ya nyambizi haikuguswa. Na yale matangi, mapipa karibu milioni 4.5 ya mafuta yamesimama wazi juu ya ardhi yakionekana kutoka angani, hakuna aliyeyapiga. Nchi imeingia vitani kwa sababu ya mafuta, imefika juu ya mafuta ya adui, ikayaacha! Nagumo aliogopa kupoteza ndege zaidi na hakujua zile meli za kubeba ndege ziko wapi, akageuza kurudi. Kwa maoni yangu hapo ndo waliposhindwa, maana meli iliyozama kwenye mita 12 unaiinua, na kweli manowari zile nane zote zilirudi kazini isipokuwa Arizona na Oklahoma. Lakini bila mafuta jeshi zima lingelazimika kurudi California.

Kosa lingine ni la karatasi. Tokyo ilipanga ujumbe wa kuvunja mazungumzo ufike Washington muda mfupi kabla ya shambulio. Ubalozini kuchapa kukachelewa, mabalozi wakafika kwa Hull, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, saa nane na dakika 20 mchana, wakati huko Hawaii mabomu yameshaanguka karibu saa nzima. Wamarekani ambao jana yake wengi hawakutaka kusikia habari za vita ya watu wa mbali, kesho yake walikuwa wanapanga foleni kujiandikisha. Bunge lilipiga kura ya vita tarehe 8, akapinga mbunge mmoja tu, Jeannette Rankin. Tarehe 11 Ujerumani na Italia nazo zikatangaza vita dhidi ya Marekani. Ikawa dunia nzima.

Huku kwetu inafikaje? Asubuhi ile Japani haikupiga Hawaii tu, iliingia Malaya karibu muda ule ule, Singapore ikaanguka Februari 15, 1942, Rangoon, mji mkuu wa Burma, ikafuata Machi. Aprili Nagumo yule yule, na meli tano kati ya zile sita, akaingia Bahari ya Hindi akaipiga Colombo siku ya Pasaka, siku chache baadae Trincomalee, zote bandari za Ceylon, Sri Lanka ya leo. Waingereza wakaona Ceylon haikaliki, wakazihamishia manowari zao Kilindini, bandari ya Mombasa. Kwa hiyo Mombasa ikawa ndo makao ya jeshi la majini la Mwingereza upande wa mashariki, na wataalamu wa kufungua siri za redio za Wajapani wakawekwa shule ya Allidina Visram. Watu wanapita pale kila siku hawajui.

Mwezi Mei Waingereza wakaivamia Madagaska kwenye bandari ya Diego Suarez wakihofia Wajapani wataiwahi, na kweli mwisho wa mwezi huo nyambizi ndogo ya Kijapani iliingia bandarini humo ikaitoboa manowari Ramillies. Toka Diego Suarez mpaka pwani yetu si mbali. Vikosi vya Keya vikapelekwa kuimalizia Madagaska, na mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, ikaingia Burma. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua, tope la kufika magotini, malaria, barabara hakuna, mpaka wakauvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Mmoja wa waliopita Burma ni Waruhiu Itote, aliyerudi Kenya na ujuzi wa kupigana msituni akaja kujulikana kama Jenerali China wa Mau Mau.

Hata mwisho wa vita una mkono wa huku, maana sehemu kubwa ya urani iliyotengeneza bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji wa Kikongo.

Kuna moja nimeiacha makusudi. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo imebeba watu zaidi ya 1,500, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga torpido mbili na meli ikazama ndani ya dakika mbili tu, watu waliokuwa chini hawakupata hata nafasi ya kufika kwenye ngazi. Walikufa karibu 1,300. Ukiwa Nairobi ukapita barabara ya Ngong, yapo makaburi ya vita, ingia, hakuna kiingilio. Kuna mnara wa waliokosa kaburi. Wale vijana wameandikwa pale.