Vita vya Abushiri havikuwa vita vya dini

Kwenye baraza za kahawa hapa Bagamoyo bado utasikia kwamba mwaka 1888 Waarabu Waislamu waliwaandama Wakristo, ndipo Wajerumani wakaja kuamua ugomvi. Sivyo hata kidogo.

Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani, iliyokodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, ilipandisha bendera yake Pangani ikataka kukusanya ushuru na kuamrisha watu. Watu wakakataa. Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa, aliongoza upande wa Pangani. Lakini Bwana Heri wa Saadani alikuwa Mzigua, na wengi walioshika bunduki hawakuwa Waarabu.

Sasa tazama misheni. Januari 1889 ile ya Pugu, ya Wajerumani, ilivamiwa. Ile ya mapadri wa Kifaransa hapa Bagamoyo, iliyokuwepo tangu 1868, iliachwa, na wakimbizi wakajisitiri humo. Zote mbili za Kikatoliki! Kama tatizo lilikuwa msalaba, kwa nini mmoja uguswe na mwingine usalimike? Kilichochukiwa ni bendera.

Jina la “uasi wa Waarabu” lilikuzwa Berlin. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alitaka fedha za bunge, na kupiga vita biashara ya watumwa kuliwagusa wabunge. Januari hiyohiyo ya 1889 wakapitisha maki (fedha ya Kijerumani) milioni 2. Ni kweli baadhi ya viongozi wa pwani walimiliki watumwa, na hilo lisifichwe. Ila Bismarck hakutuma manowari kwa uchungu wa watumwa.