Kadi ya tatu haitupwi mpaka jioni

Jumamosi iliyopita, tumekaa chini ya mwembe baada ya mazoezi, binti mmoja wa Makorora aliniuliza: "Mwalimu, kama wanahesabiwa wawili tu, huyu wa tatu anatafuta nini uwanjani?" Nilimjibu kwa mkato kwa sababu magharibi ilikuwa inaingia na mama yake alishapiga simu mara mbili. Swali hili naulizwa kila ninapofundisha gofu ya timu hapa Tanga, basi leo nalijibu kwa kituo.

Nianze na kombe lenyewe. Ubingwa wa dunia wa timu za wanawake wa ridhaa, yaani wasiocheza kwa kulipwa, hushindaniwa kwa kombe liitwalo Espirito Santo Trophy. Jina hilo kwa Kireno ni Roho Mtakatifu, na kuna waliowahi kuniuliza kama ni mashindano ya kanisa. Hapana, ni jina la ukoo. Familia ya Espirito Santo ya Ureno ndiyo iliyolitoa. Mara ya kwanza lilichezwa mwaka 1964 huko Saint-Germain, karibu na Paris.

Kila nchi hupeleka wachezaji watatu. Wanacheza siku nne, mashimo 18 kila siku, na mashimo hayo 18 ndiyo raundi moja. Kila mchezaji ana kadi, yaani karatasi inayoandikwa mara alizopiga mpira (mikwaju) kwenye kila shimo, na kwenye gofu aliyepiga mara chache ndiye bora. Jioni zinachukuliwa kadi mbili zenye mikwaju michache zaidi, ya tatu inawekwa kando. Kwa siku nne timu inacheza raundi 12, na zinazojumlishwa ni nane.

Sasa tazameni kosa lililomo ndani ya swali la yule binti wa Makorora. Yeye anamuona mtu wa tatu. Asubuhi hakuna mtu wa tatu! Wanatoka watatu, kila mmoja na kundi lake la wapinzani, na hakuna anayejua kadi ya nani itawekwa kando. Aliyeng'ara jana leo anaweza kupoteza mipira miwili kwenye maji, na aliyepiga 80 jana leo akarudi na 71. Kinachotupwa ni kadi, na hutupwa wote wakishamaliza. Mchezaji aliyeko shimo la 12 akijiambia "yangu haina kazi" amejitoa mwenyewe kabla hesabu haijampigia.

Halafu kuna kanuni ambayo watu wengi hawaijui. Timu mbili zikilingana mikwaju baada ya siku nne, zinaamuliwa na ile kadi ya siku ya mwisho ambayo haikuhesabiwa. Naam, hiyo hiyo iliyowekwa kando. Mwaka 2006 huko Stellenbosch, Afrika Kusini na Sweden zililingana. Wakatazama kadi za tatu, na Afrika Kusini ikatwaa kombe kwa mara ya kwanza, tena nyumbani. Miaka 16 baadaye, mwaka 2022, mashindano yakiwa yamerudi karibu na Paris, Sweden ikalingana na Marekani kwa mikwaju 559. Kadi za tatu zikatolewa tena, na safari hii zikawapa Sweden ubingwa. Wamarekani, waliolichukua kombe hili mara nyingi kuliko nchi yoyote, wakabaki wa pili bila kuzidiwa hata mkwaju mmoja kwenye jumla.

Mimi nimeyaona haya kwa macho yangu, ingawa kwa kiasi chetu. Miaka michache iliyopita tulikuwa na mashindano ya wasichana, watatu watatu, siku mbili. Kusi lilikuwa limeshika, lile la mwezi wa saba linaloinamisha minazi, na mpira ukiupiga kuelekea baharini unaona kabisa unarudishwa. Nilikuwa kwenye meza ya kupokea kadi. Wawili wa timu moja walishaleta zao, 84 na 87, nzuri sana kwa upepo ule. Mwenzao alikuwa bado shimo la 14, amekwama vichakani, amepiga mara tisa na grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, haijaonekana. Habari za wenzake zikamfikia. Akauokota mpira, akautia mfukoni, akaja kwa miguu mpaka mezani. "Mwalimu, wawili si wanatosha? Yangu si itatupwa tu?"

Kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, usipotumbukiza mpira shimoni huna alama ya raundi nzima. Nikaandika mstari mtupu mbele ya jina lake.

Jioni timu mbili zikalingana. Kadi ya tatu ya wapinzani ilikuwa na mikwaju 109. Ninaikumbuka mpaka leo: imelowa jasho, shimo la saba limefutwa likaandikwa upya, kwenye shimo la 14 pana namba 11 iliyokandamizwa kwa penseli mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Lakini ilikuwa imejaa, na sahihi mbili ziko chini, ya mchezaji na ya aliyemwandikia. Ile 109 ndiyo iliyochukua kikombe. Yule binti aliyeokota mpira alilia sana, na wenzake wakakaa naye kwenye nyasi mpaka giza. Lawama nazibeba mimi. Nilikuwa nimewafundisha kushika fimbo, sikuwa nimewafundisha hesabu hii.

Turudi 1964. Ufaransa walimaliza na 588, Marekani 589. Siku nne, kadi nane, tofauti ni mkwaju mmoja, yaani mpira mmoja uliogoma kuingia kutoka umbali wa urefu wa kandambili. Katika timu ile ya Ufaransa alikuwemo Catherine Lacoste, binti wa miaka 19. Baba yake, René, alikuwa bingwa wa tenisi, na mama yake, Simone Thion de la Chaume, alishinda ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Uingereza mwaka 1927. Mwaka 1967 Catherine alikwenda Marekani akashinda U.S. Women's Open, mashindano makubwa ya wazi ya wanawake ya nchi hiyo, mbele ya wachezaji wa kulipwa, na mpaka leo hakuna mwanamke mwingine wa ridhaa aliyefanya hivyo. Wasichana wangu wanapenda sana habari za ushindi ule. Mimi huwarudisha kwenye ile 589 ya Wamarekani, niwaulize: mkwaju ule mmoja ulipotea siku gani, shimo gani, kwenye kadi ya nani?

Yule binti aliyeokota mpira bado anacheza. Mwezi uliopita, upepo ukiwa mbaya vilevile, aliniletea kadi ya 103. Alisimama mezani akaisoma shimo kwa shimo pamoja na aliyemwandikia, akatia sahihi, ndipo akaomba maji.