Tasa ya mwisho haipo, jamani

Juzi baada ya Isha, kwenye kahawa ya barabara ya 13 pale Ngamiani, kijana wa bodaboda kanisogezea simu: "Mwalimu, si wameshaipata namba tasa ya mwisho?" Hii ni mara ya nne tangu Ramadhani. Mara ya nne! Naandika leo ili atakayeuliza tena nimtumie hii, nami nimalizie kashata yangu kwa amani.

Namba tasa ni ile inayozidi 1 na haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe. Iliyopatikana Oktoba 2024 ni tasa kubwa kuliko zote tunazozijua: 2 kwa kipeo cha 136,279,841 (yaani 2 idadi hiyo zikizidishwa pamoja), toa 1. Aliyeinasa ni Luke Durant wa Marekani, kupitia GIMPS, mradi wa wanaojitolea kompyuta zao kusaka tasa za aina hii. Tarakimu 41,024,320. Kwa mfumo wa jozi wa kompyuta, ule wa 0 na 1, ni moja tupu, 136,279,841 mfululizo, bila sifuri hata ya dawa. Basi.

Ya mwisho haipo. Euclid, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, alishalimaliza hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na hapa ndipo wajuzi wanaponiudhi kuliko huyo kijana. Mwalimu mwenzangu akadakia: "Rahisi tu. Zidisha tasa zote ulizonazo, jumlisha 1, unapata tasa mpya." Wapi! Nikaazima kalamu kwa muuza kahawa, nikaandika kwenye karatasi ya kashata: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 = 30,030. Ongeza 1. "Haya, 30,031 igawe kwa 59." Akabonyeza simu, akanyamaza. Inatoka 509 kamili.

Euclid hakusema jibu ni tasa. Alichosema ni kwamba ukiligawa kwa yoyote kati ya ulizozidisha, inabaki 1. Kwa hiyo vigawo tasa vya jibu hilo, hata kama kigawo chenyewe ni hilo jibu zima, lazima viwe nje ya orodha yako. 59 haikuwamo. 509 haikuwamo. Hoja imesimama, ila si kwa ule mguu anaoufundisha mwenzangu darasani.

Na msinijie na "kipeo kikiwa tasa, jibu ni tasa". 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047, yaani 23 × 89.

Chebyshev, mwanahesabu wa Urusi, naye alithibitisha kuwa kati ya namba yoyote inayozidi 1 na maradufu yake hapakosi tasa. Kwa hiyo juu ya hiyo ya Durant zimejaa tele, na jirani yake ni wastani wa moja katika kila namba milioni 94 hivi, na hakuna anayeweza kukuonesha hata moja. Za aina yake, yaani 2 kwa kipeo fulani toa 1, tunazo 52 tu. Zinaendelea bila mwisho? Mimi naamini ndiyo, lakini ni imani, sina uthibitisho. Hata hiyo ya Durant sijaihakiki. Nimewaamini wenye mashine.

Kijana akauliza: "Na 13 yetu je?" Nikamwambia 2 kwa kipeo cha 13, toa 1, ni 8,191, atafute kigawo chake. Jana alikuwa amefika 31. Nimemwambia akishajaribu 89, alale: tasa inayofuata ni 97, na 97 × 97 imeshaizidi 8,191.