Kishikwambi cha mwalimu na kabati la vitabu lililofungwa

Shule nyingi za msingi ninazozitembelea Moshi Mjini na Moshi Vijijini zina maktaba, ila maktaba yenyewe ni kabati. Kabati liko ofisini kwa mwalimu mkuu, ufunguo uko kwenye mkoba wake, na ndani mna vitabu vya kiada, mitihani ya miaka iliyopita, na maboksi mawili matatu ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo vinavyomsimulia mtoto wa Kiboriloni habari za treni zipitazo chini ya ardhi. Vumbi lake linakueleza mara ya mwisho kilipoguswa kitabu cha juu.

Hapohapo, mwalimu wa darasa la pili ana kishikwambi. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na leo utavikuta mpaka kwenye shule za juu kabisa mlimani. Nimeomba kuonyeshwa vingi. Kuna azimio la kazi, kuna andalio la somo, kuna matokeo ya mitihani. Hadithi ya mtoto wa darasa la pili, hata moja, ni nadra kuikuta.

Kazi yangu ni kuwafundisha wakutubi wa shule na walimu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) namna ya kupata vitabu, kuvipanga na kuviazimisha. Ninachowaomba walimu wenzangu wa Kilimanjaro na Arusha ni kwamba kifaa hicho kilichopo tayari kiwe mlango wa kuingizia vitabu vipya shuleni, na vitabu hivyo visibaki humo. Vitoke viende kwenye karatasi, na karatasi iende nyumbani na mtoto.

Tuanze na mahali vilipo. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Angalia tu mwaka wa toleo, kwa sababu mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 na faili nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni za mtaala uliopita. Kwa vitabu vya hadithi, hazina mbili ninazozitumia kila wiki ni African Storybook, iliyoanzia Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books wa India, iliyofunguliwa mwaka 2015. Zote zina hadithi za Kiswahili zenye picha, na zote zinakuruhusu kupakua kitabu kizima ukiwa na bando, kisha ukakisoma bila intaneti. Vitabu vya humo viko chini ya leseni huria, yaani mwenye kitabu amekwisha kukupa ruhusa ya kukitoa kopi, kukitafsiri na hata kukibadilisha, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki mahali pake. Baadhi ya leseni hizo zinakataza kuuza nakala. Soma ukurasa wa mwisho wa kila kitabu kabla ya kuchapa.

Hilo la ruhusa nalisisitiza. Kitabu cha mwandishi wa Kitanzania kilichopigwa picha kurasa zote na kusambazwa kwa simu ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi huyo. Shule ikipata fedha kidogo, inunue vitabu vya wachapishaji wetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania uliasisiwa mwaka 1991 kwa sababu vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto vilikuwa vichache mno, na bado tunavihitaji zaidi ya tulivyonavyo. Hadithi za bure za mtandaoni zijaze pengo. Zisimnyang'anye mtu riziki yake.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi, nalo ni ngazi za vitabu. African Storybook imepanga vitabu vyake kwa ngazi tano, StoryWeaver kwa ngazi nne, na mwalimu anapoona "ngazi ya kwanza" hudhani kazi ya kuchagua imekwisha. Haijaisha. Vitabu vingi humo viliandikwa kwanza kwa Kiingereza, na ngazi ikahesabiwa kwa wingi wa maneno kwenye ukurasa. Kiswahili hakihesabiki hivyo. Maneno manne ya Kiingereza hubanwa yakawa neno letu moja, na neno hilo moja ni zigo kwa mtoto wa miaka saba.

Nilikaa nyuma ya darasa la pili katika shule moja mjini Moshi, mtoto akiletewa ukurasa wenye maneno mawili tu: "Watakapokuja tutawapikia." Maneno mawili, ngazi ya kwanza. Akaweka kidole, akasoma: wa-ta-ka-po-ku-ja. Hakukosa silabi hata moja. Mwalimu akamwambia, "Umesoma vizuri, baba. Nani wanakuja?" Mtoto akanyamaza, akatazama picha, akatazama dari. Mwalimu yule, ambaye ninamheshimu sana, hakumwambia arudie. Alifunika mwanzo wa neno kwa kidole chake.

"Hapa pamebaki nini?"

"Kuja."

"Haya. Wewe ukija kwangu, nikupikie nini?"

"Ndizi, mwalimu."

"Na nyama?"

"Na nyama."

Akafunua neno kidogokidogo kutoka kulia kwenda kushoto: kuja, pokuja, kapokuja, mpaka mwanzo. Mtoto akasema mwenyewe, "Ni wageni. Hawajafika bado." Ile "bado" ilinifurahisha kuliko silabi zote sita, maana alikuwa ameshika "taka" na "po" bila mtu kumtajia sarufi.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika ba be bi bo bu na wenzake, anaweza kutamka ukurasa wowote utakaompa, hata ule asiouelewa kabisa. Kusoma kwa sauti nzuri kunaweza kutuficha kwamba hakuna kilichoingia. Kwa watoto wetu wengi, ambao nyumbani wanazungumza Kimachame, Kivunjo, Kirombo, Kimeru au Kimaasai, pazia hilo ni zito zaidi. Kwa hiyo kabla hujaweka kitabu kwenye ngazi, kifungue ukahesabu silabi za neno refu kuliko yote. Mimi hujiwekea kiwango: kitabu cha mtoto anayeanza kisiwe na maneno yenye silabi zaidi ya nne, isipokuwa moja au mawili yanayojirudia. Na pale leseni inaporuhusu, nabadilisha. "Watakapokuja tutawapikia" inaweza kuwa "Wageni wanakuja. Mama anapika." Yameongezeka maneno, umepungua ugumu. Ukibadilisha, andika kwenye ukurasa wa mwisho kwamba umebadilisha.

Sasa tukitoe kitabu kwenye kioo. Chukua hadithi ya kurasa 16. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inabeba kurasa nne, mbili kila upande, kwa hiyo kitabu kizima ni karatasi nne. Programu nyingi za kusomea PDF kwenye kompyuta zina mpangilio wa kuchapa kijitabu unaozipanga kurasa zenyewe. Steshenari ya jirani ikikosa mpangilio huo, kumbuka hesabu hii: namba mbili zilizo kwenye upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishwe kuwa 17. Karatasi ya kwanza ina 16 na 1 mbele, 2 na 15 nyuma. Ya pili ina 14 na 3, halafu 4 na 13. Ya nne, inayokaa katikati, ina 10 na 7, na mgongoni 8 na 9. Zipange, zikunje pamoja, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene na ushone kwa uzi wa kushonea magunia. Pini za stepla hupata kutu na kuchana karatasi. Jalada likatwe kwenye boksi gumu. Kama kopi ni shilingi 100 kwa upande, kitabu kimekugharimu shilingi 800 na dakika kumi za mwalimu, na wazazi wa Pasua niliokaa nao kikaoni walikubali kuchangia nakala kumi bila ubishi mara walipoona kitabu chenyewe kwa macho.

Picha za rangi hufifia kwenye kopi nyeusi. Chagua hadithi zenye michoro ya mistari iliyo wazi, na epuka zile zenye mandhari ya giza, kwani zikitoka ni doa tupu.

Kuhusu kupanga vitabu nitasema kwa ufupi. Nimeona walimu wa maktaba wakijitesa na mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, ulioanza mwaka 1876 kwa ajili ya maktaba kubwa. Katika mfumo huo fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Kabati lako likiwa na hadithi 300 na karibu zote ni za Kiswahili, umezipa zote namba ileile na hukumsaidia mtoto kitu. Kwa shule ya msingi, rangi inatosha: utepe mwekundu mgongoni kwa wanaoanza, wa njano kwa wanaosoma sentensi, wa kijani kwa wanaosoma aya. Orodha iandikwe kwenye lahajedwali (jedwali la kompyuta) la kawaida lenye namba ya kitabu, jina, rangi na idadi ya nakala. Shule ya sekondari yenye vitabu elfu kadhaa na mtu wa kompyuta inaweza kufikiria Koha, programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand na isiyolipiwa. Chini ya hapo, daftari la kuazimisha lenye mistari iliyopigwa kwa rula halina mshindani. Nalisoma daftari hilo kwa makini kuliko ripoti yoyote, kwa sababu linaonyesha kitabu gani kilitoka mara kumi na mbili na kipi hakijawahi kutoka.

Kwa darasa la tano hadi la saba mambo hubadilika kidogo, maana hapo mtoto anaanza kutafuta habari. Kiwix ni programu ya bure inayoiweka Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, ikasomeka bila mtandao. Kolibri, programu nyingine ya bure, hufanya kompyuta moja ya shule kuwa kituo cha masomo: vishikwambi vingine vinaunganishwa nayo kwa waifai ya darasani, bila bando, na maandishi yake ya kwenye kioo yapo kwa Kiswahili. Pakua kila kitu ukiwa mjini penye mtandao mzuri, weka kwenye flashi, kisha panda nayo mlimani. Miaka iliyopita nilipeleka vifaa kwenye shule moja ya mlimani nikiwa nimetegemea mtandao wa pale. Bando liliisha wiki ya tatu na vifaa vikarudi kabatini, na kosa lilikuwa langu mimi niliyepanga. Tangu hapo sipeleki kitu kisichofanya kazi mtandao ukiwa umezimwa.

Wapo wanaoniuliza kama vifaa vyenyewe havitoshi, vikamfundisha mtoto peke yake. Tuna mfano wa hapahapa nchini. Shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwa watoto wa vijiji 170 mkoani Tanga, na Mei 2019 zikatangazwa programu mbili zilizoshinda kwa pamoja, onebillion na Kitkit School. Watoto walijifunza, na programu zikaachwa huria ili wengine wazitumie. Lakini kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua na mtu wa kukisimamia. Shule inayotaka vishikwambi vya watoto ianze kwa kumtaja huyo mtu: nani anachaji, nani anahesabu jioni, nani anashika ufunguo akiugua mwenzake.

Kuna eneo ambalo kioo kinaishinda karatasi waziwazi, nalo ni kwa mtoto mwenye uoni hafifu. Herufi zinakuzwa mpaka anapoziona, na mwanga unarekebishwa. Chuo cha Patandi, pale Tengeru, kimekuwa kikiandaa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Mwalimu wa Arusha mwenye mtoto wa namna hiyo darasani amtafute mhitimu wa Patandi aliye jirani, amwonyeshe kifaa, aombe ushauri.

Na tafadhali, picha za watoto wakisoma, zikiwa na majina yao na jina la shule, zisirushwe mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mtoto wa darasa la kwanza kama inavyomhusu mtu mzima.

Jambo la mwisho ninalolifanya kila ninapofika shule mpya ni kumwomba mtoto mmoja asimulie. Mwaka jana, katika shule moja barabara ya kwenda Old Moshi, msichana wa darasa la tatu alitusimulia jinsi bibi yake alivyomfukuza nyani shambani kwa kupiga sufuria. Mwalimu aliandika kwenye kishikwambi kama alivyosema, tukagawa sentensi moja kila ukurasa, mvulana wa darasa la sita akachora, tukapiga picha michoro yake na kuipanga. Kurasa nane, karatasi mbili. Tulitoa nakala tano tukazibandika utepe wa njano. Niliporudi baada ya mwezi kukagua daftari, kitabu cha bibi na nyani kilikuwa kimetoka mara nyingi kuliko vyote, na nakala mbili zilikuwa zimechakaa hadi mwalimu amezishona upya kwa uzi wa bluu.