Mtwara si 9.81

Ripoti za maabara za mwaka wa kwanza zikifika mezani, ile ya pendulamu huwa nafungua ukurasa wa mwisho kwanza. Wanabembeza gololi iliyofungwa kwenye uzi ili kupima g, yaani kiasi ambacho mvutano wa dunia unaongeza kasi ya kitu kinachoanguka, kwa mita kwa sekunde mraba. Nakuta 9.81. Nafungua nyingine, 9.81. Jedwali limenyooka, grafu imepita juu ya kila nukta bila kuacha hata moja, mwandiko mzuri. Data imepikwa ikaiva, kwa sababu hapa Mtwara g si 9.81.

Dunia imetuna kidogo kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha, na kule kujizungusha kwake kunavipunguzia uzito vitu vilivyo karibu na ikweta. Kwa hiyo g kwenye usawa wa bahari inaanzia 9.78 pale ikweta na kufika 9.83 kwenye ncha. Hiyo 9.81 ni ya watu wa London na Paris. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na hesabu ya latitudo inatupa 9.782. Wala si habari mpya: mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, Amerika ya Kusini, akaona saa ya pendulamu iliyokuwa sahihi Paris inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Ilibidi pendulamu ifupishwe. Newton akaja kuitumia taarifa hiyo katika hoja yake kwamba dunia imetuna katikati.

Sasa mwanafunzi atauliza: kati ya 9.78 na 9.81 kuna nini cha kugombania? Kwa uzi wa mita moja, mibembeo 20 (kila mmoja ni kwenda na kurudi) hapa kwetu inachukua sekunde 40.18. Kama g ingekuwa 9.81, ingechukua 40.12. Kidole chako kwenye stopuwochi kinayumba zaidi ya hapo. Basi bembeza mara 100, tofauti inakua hadi karibu sekunde 0.3, nayo inashikika ukirudia mara kadhaa. Ila uzi nao uupime vizuri, maana kosa la milimita 3 tu kwenye urefu linatosha kukutoa 9.78 na kukupeleka 9.81. Na zima pangaboi. Najua joto la Mtwara lilivyo, lakini upepo wake unaisukuma gololi nayo inaanza kuchora duara badala ya kwenda na kurudi.

Wengi wanaopika si wavivu. Wamepima kweli, wakapata namba ya ajabu, wakaogopa. "Mwalimu, jibu letu limegoma," ndivyo wanavyosema, na ukiangalia daftari unakuta kifutio kimeshapita. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu namba iliyogoma huwa inataja ugonjwa wake yenyewe. Ukiniletea 10.84, sihitaji hata kuja kwenye meza yako: ulipoachia gololi ulisema "moja" badala ya "sifuri", ukafika "ishirini" wakati mibembeo ni 19. Ukiniletea 9.68 kwa uzi wa mita moja, nahisi ulipima hadi juu ya gololi, hukufika katikati yake, na gololi yako ina upana wa kama sentimita 2. Ukipata 9.74 au 9.75, nakuuliza uliivuta kwa pembe gani. Ile kanuni tunayoitumia kupata g kutoka urefu wa uzi na muda wa mbembeo ni ya pembe ndogo. Ukivuta nyuzi 10, kila mbembeo unarefuka kwa asilimia 0.2 hivi, na g yako inashuka mara mbili ya hapo. Ukivuta nyuzi 5 kosa hilo linabaki kama 0.01. Lakini ukiniletea 9.81 sina cha kukuuliza. Sijui ulikosea wapi, na wewe hujui.

Ndiyo maana nasahihisha daftari, sisahihishi jibu. Nataka kalamu ya wino, namba iliyokosewa ikatwe mstari mmoja ili isomeke, na mwishoni jibu liandikwe pamoja na shaka yake, yaani kiasi ambacho linaweza kupotoka juu au chini. Aliyeandika 9.74 ± 0.05 amesema kweli, maana 9.78 imo humo ndani. Aliyeandika 9.81 ± 0.01 amekosa, na kujiamini kwake ndiko kunakomponza. Hili huwa gumu kwa waliotoka shule ambazo praktiko ilikuwa ya kuangalia mwalimu akifanya mbele ya darasa. Siwalaumu. Walizoea kwamba jibu limo nyuma ya kitabu.

Wapo pia wa kutoka Newala wanaouliza kama kule juu uwandani g ni ndogo zaidi. Ni ndogo, ndiyo. Kila mita 100 unazopanda zinapunguza kama 0.0003, na mawe ya uwanda ulio chini ya miguu yako yanarudisha sehemu ya hiyo. Kwa uzi na stopuwochi hutaiona, hata ukibembeza tangu asubuhi hadi adhuhuri.