Kalooli Avamia New York

Filamu nzuri hainihitaji. Waigizaji wanajua kazi yao, muziki unajua wakati wa kuingia, na mtu asiyeelewa neno la Kiingereza atalia tu panapoliliwa. Mimi hapo natafsiri na kukaa pembeni. Niletee filamu mbovu ya madude ya miaka ya 1950, wanasayansi wawili wanabishana ofisini huku dude lenyewe likisubiri zamu yake. Hapo ndipo VJ, mtafsiri wa filamu papo kwa papo katika kibanda cha video, anapokula.

Kazi hii naifanya kwa Kiswahili hapa Bombo, Uganda, mji wa askari na Wanubi. Wakubwa wa fani, kina VJ Jingo, wanatafsiri kwa Kiganda, lakini mwendo ni uleule: maiki moja, sauti ya filamu inashushwa wahusika wakianza kuongea, unasema walichosema, kisha unaongeza walichopaswa kusema. Marekani nako kuna kipindi cha televisheni, Mystery Science Theater 3000, kilichoanza Minneapolis mwaka 1988: jamaa mmoja na vikaragosi vyake vya maroboti wanaketi mbele ya filamu mbovu na kuitania mwanzo hadi mwisho. Nawaheshimu. Ila mtazamaji wao anaisikia filamu mwenyewe. Wangu ananitegemea ajue nani kamwua nani, na nikipotelea kwenye mzaha kibanda kizima kinapotea nami.

VJ mchanga utamjua kwa jinsi anavyopiga kelele, "Tazameni, ni mtu ndani ya ngozi!" Kila mtu anaona. Hata mtoto aliyepenya bila kulipa anaona. Chukua Robot Monster ya 1953. Mwongozaji Phil Tucker hakuwa na fedha za vazi la roboti, akamchukua George Barrows, aliyekuwa na vazi lake mwenyewe la gorila, akamvika kofia ya mzamiaji. Huyo ndiye Ro-Man, mvamizi kutoka angani. Ukishasema ni feki umemaliza maneno, na filamu bado ina saa nzima. Mkubali alivyo. Gorila, mlimani, na helmeti: basi ni bodaboda wa Bwindi, msitu wetu wa gorila, wa kwanza kutii sheria, afande wa trafiki amemzunguka mara tatu hajapata kosa la kumwandikia.

Ukishamkubali unagundua jamaa ana kisa. Bosi wake anamkaripia kupitia skrini kwa kuwa watu wachache bado wako hai. Naye maskini amempenda msichana anayetakiwa kumwua. Anatamka mwenyewe kwamba hawezi, lakini hana budi. Hapo VJ asijitie uchekeshaji. Mpe tu sauti ya askari wa kituo cha mbali anayedaiwa ripoti. Watazamaji wangu wanaijua simu hiyo, na wanaangua kicheko kabla sijamaliza "Ndiyo, afande, kazi imekaribia kwisha."

The Giant Claw ya 1957 ni ya ndege mkubwa. Waigizaji walipigwa picha bila kumwona. Waliambiwa watazame juu, waogope. Kikaragosi kilitengenezwa Mexico kwa bei ya chini, na nyota wa filamu, Jeff Morrow, alikiona kwa mara ya kwanza ukumbini, katikati ya watu wanaocheka. Akatoroka mapema. Ndiyo maana Morrow simgusi: anaogopa kwa moyo wake wote, na filamu nzima imesimama juu ya uso wake. Ndege ndiye wangu. Shingo ndefu, upara wenye vinywele vilivyosimama, macho ya kuzungukazunguka. Aliyewahi kupita karibu na jalala la Kampala anamjua: ni kalooli, yule korongo wa majalalani, amesikia New York takataka ni nono. Wahusika wanarudiarudia kwamba ni mkubwa kama manowari. Manowari nani ameiona hapa? Kwangu ni mkubwa kama meli ya Kalangala, ile ya Ziwa Victoria, na kila wanaporudia naongeza mzigo: na abiria, na ndizi, na mbuzi wa mchungaji. Anapolivamia jengo la Empire State, kibanda ndicho kinachoorodhesha mizigo, mimi napumzika.

Si kila dude ni la kutaniwa. Godzilla ya Japani ya 1954 nayo ina mtu ndani ya vazi, lakini ilitoka miaka tisa tu baada ya Hiroshima na Nagasaki, na humo kuna mama anayewakumbatia watoto akiwaambia watamfuata baba yao muda si mrefu. Hapo natafsiri neno kwa neno. Bombo iko Luweero. Kibandani wapo wazee waliokimbia vita vya miaka ya 1980.

Niipendayo kuliko zote ni Beginning of the End ya Bert I. Gordon, 1957. Mtaalamu wa kilimo anakuza mazao makubwa kwa mionzi, panzi wanaila nafaka, wanavimba kupita basi, wanaelekea Chicago. Gordon aliwaacha panzi halisi watambae juu ya picha za majengo, na kuna mmoja anayevuka ukingo wa ghorofa akaendelea kutembea angani. "Huyu amelipia," nasema, na kusonga mbele. Kituko kidogo, mzaha mdogo.

Shida ni kwamba Uganda huwezi kumtisha mtu kwa panzi. Senene wakija Novemba, vijana wa Masaka huwasha taa kali, hupanga mabati na mapipa, nao huanguka wenyewe. Basi jeshi la Marekani linapohangaika, kibanda kinakuwa kimeshagawana kazi: wa mabati, wa kunyofoa mabawa, wa kukaanga. Wenye ukoo wa Nsenene, ambao hawali kabisa, nawateua wapatanishi. Halafu shujaa anawavuta panzi kwa mlio hadi Ziwa Michigan, wanazama wote. Muziki wa ushindi unapigwa, na hakuna anayeshangilia. "Mboga yote hiyo," aliyekaa nyuma anafoka, "na Wazungu wamesimama ufukweni bila hata gunia!"