Mama Mkulima, Mcha Mungu, Mwenye Watoto Wengi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Kibosho na Uru hadi Rombo, yupo mama ambaye karibu kila mtu anadhani anamfahamu. Alfajiri anaonekana akishuka na panga na kamba kwenda kukata majani ya ng'ombe, siku ya soko amejitwika mkungu wa ndizi, na Jumapili yumo kanisani na kitenge cha sare ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, watoto wamejaza benchi zima. Wanaomhurumia na wanaomsifu hukutana mahali pamoja: wote huamini kwamba maisha yake yaliamuliwa na wengine, yaani mume, padre na ukoo. Dada mkubwa wa mama yangu ni mmoja wa akina mama hao. Alizaa watoto wanane huko Rombo na kuwalea kwa migomba, kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa, na pengine ndiyo sababu baadhi ya dhana hizi huniudhi kuliko inavyostahili.

"Anazaa mfululizo kwa kuwa Kanisa limemwamuru"

Hii ndiyo dhana inayovuma kuliko zote, na mafundisho yenyewe hayaiungi mkono. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, iitwayo Gaudium et Spes, ya mwaka 1965, inaeleza kwamba uamuzi kuhusu watoto ni wa wazazi wenyewe mbele ya Mungu, wakipima hali yao ya maisha, mema ya watoto waliokwisha kuzaliwa na mema ya jamii. Waraka wa Humanae Vitae, ambao Papa Paulo wa Sita aliutoa Julai 1968, ulikataa njia za kisasa za kuzuia mimba, lakini papo hapo ukawaruhusu wanandoa wenye sababu nzito kuachanisha uzazi kwa kufuata siku za mwili wa mwanamke. Januari 2015, akiwa ndani ya ndege kutoka Manila, Papa Fransisko aliwaambia waandishi wa habari kwamba si lazima Wakatoliki wazae kama sungura ndipo wahesabiwe kuwa waumini wema. Kinachobishaniwa, basi, ni njia ya kupanga, si kupanga kwenyewe. Kwa Walutheri wa Machame, Marangu na Mwika, kwenye mlima ambako wamisionari wa Leipzig walianza kazi katika miaka ya 1890, hata katazo hilo la njia halipo.

Lakini jibu zito zaidi limo katika hesabu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8, ambapo wa vijijini huzaa 5.5 na wa mjini 3.6, ilhali mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani wa taifa ulipita 6. Kilimanjaro, mkoa ambao makanisa yamekita mizizi tangu wamisionari wa Kikatoliki walipofungua misheni ya Kilema mwaka 1890, ni miongoni mwa mikoa yenye uzazi mdogo kabisa nchini. Kama mimbari ndiyo ingekuwa inaamua idadi ya watoto, hesabu hizo zingesoma kinyume. Familia ya watoto wanane mlimani leo ni ya kizazi kinachozeeka, kizazi cha akina mama walioanza kuzaa wakati watoto wengi walikuwa hawafiki umri wa kuanza shule. Katika utafiti wa miaka ya 2004 na 2005, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43. Mama aliyezaa kabla ya hapo alikuwa akihesabu pia wale ambao huenda angewazika, na hesabu hiyo hakufundishwa na padre.

"Mkulima ni baba, yeye ni mama wa nyumbani"

Ukimuuliza mama mkubwa kazi yake, hata yeye atakujibu kwamba hana kazi, yuko nyumbani tu. Jibu hilo limewapotosha wengi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani ambamo migomba, kahawa, magimbi na miti ya kivuli huota pamoja, ni kazi ya mwaka mzima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imo mikononi mwake: kupunguza machipukizi ya migomba, kutandaza samadi, kukamua, kukata majani ya kuwalisha ng'ombe wanaofungiwa zizini mwaka wote. Zamani mgawanyo ulikuwa wazi kabisa, kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilipokea kahawa kwa majina yaliyokuwa karibu yote ya wanaume, kwa hiyo aliyesoma daftari la chama aliona mkulima mmoja katika kila nyumba.

Msimu wa kuchuma kahawa nimewahi kukaa naye hadi usiku. Buni iliyochumwa mchana haina budi kumenywa siku hiyohiyo, la sivyo inaanza kuchacha ndani ya ganda na ubora unaharibika. Mume ndiye aliyezungusha mkono wa mashine. Mama mkubwa alikuwa amekwisha kuchuma, kuchambua mbivu na mbichi, kuchota maji, kupika na kulaza watoto, na alipomaliza kuosha vyombo alirudi kuondoa kahawa zilizoelea, kwani hizo hazina uzito. Mnunuzi alipokuja, aliyetia sahihi ni mume.

Sheria iliiona kazi hiyo mapema kuliko majirani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, kwa tafsiri ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu siku ile, lakini kanuni aliyoiacha hutajwa mahakamani hadi leo.

"Kila mtoto huja na sahani yake"

Huu si ukweli, na mama mkulima anajua hivyo kuliko yeyote. Kwa mila ya Wachaga, mtoto wa kiume wa kwanza alitengewa kihamba chake alipooa, kitindamimba wa kiume alibaki kwenye boma la wazazi, na waliokuwa katikati walitafutiwa pori jipya. Pori hilo limekwisha. Kihamba kilichogawanywa kwa vizazi vitatu hakiwezi kugawanywa tena na bado kikalisha mtu, na ndiyo maana mlima huu umesambaza watoto wake hadi kila kona ya nchi yenye duka au ofisi. Na kwa wanaosema watoto wengi ni nguvu kazi ya shamba, nguvu hiyo ipo asubuhi kabla ya shule na jioni baada yake, basi. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana havikuondoka.

"Amezoea kuzaa, hana haja ya hospitali"

Hapa dhana potofu inaua. Inaaminika kwamba mwanamke aliyezaa mara sita ana njia iliyofunguka, mtoto atatoka mwenyewe, na mkunga wa jirani anatosha. Kuhusu wepesi wa mtoto kutoka, kuna ukweli. Hatari iko baada ya hapo. Mfuko wa uzazi uliotanuka mara nyingi unaweza kushindwa kujikaza baada ya kondo kutoka, na kujikaza huko ndiko kunakobana mishipa ya damu. Usipojikaza, mama anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi kuliko ule wa kutafuta gari la kumshusha bondeni. Ndiyo maana kliniki huihesabu mimba ya tano na zinazofuata kuwa za kuangaliwa kwa karibu, hata kama nyingine zote zilikwenda salama. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Inayofuatana na hiyo ni imani kwamba anayenyonyesha hashiki mimba. Hii ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imeleta watoto wengi duniani. Kunyonyesha huzuia mimba pale tu mambo matatu yanapokuwepo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu, mchana na usiku, bila kupewa kitu kingine, na mama hajaanza kuona siku zake. Sasa mfikirie mama anayeshuka bondeni kufuata majani saa kumi na moja alfajiri, akarudi jua limepanda, na nyuma mtoto ameachiwa dada yake wa miaka tisa aliyemnywesha uji. Sharti la pili limekwisha kuvunjika, naye hajui. Kwa Mkatoliki anayetegemea njia za asili, kosa hilo ni kubwa zaidi, maana njia hizo zinafanya kazi kwa anayefundishwa vizuri na kusaidiwa na mume wake, wala si kwa kukisia.

"Sala zinamla muda wa shamba"

Wanaosema hivi hawajawahi kuhudhuria jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele chao cha kichungaji mwaka 1976, na vijijini zimekuwa mambo mengi kwa pamoja. Hukutana mara moja kwa juma, mara nyingi asubuhi na mapema, nyumba kumi au ishirini zinazopakana. Baada ya somo hufuata matangazo: nani anaumwa, nani amefiwa, nani hajapanda kwa kuwa mtoto wake amelazwa. Palipo na mgonjwa, shamba hulimwa na wenzake. Upande wa Walutheri, ibada ikiisha hufuata mnada, ambapo mkungu wa ndizi, kuku au trei ya mayai iliyotolewa sadaka hununuliwa pale uwanjani, nyakati nyingine kwa bei ambayo sokoni isingefikiwa.

Mama mkubwa ana kitabu cha sala ambacho kurasa za mwisho zimejaa namba za penseli. Ni mikungu aliyouza, lita za maziwa, deni la dawa ya ng'ombe, na tarehe aliyopandishwa yule mwekundu. Mara ya kwanza nilipokiona nilidhani watoto wamechezea.

"Ardhi si yake, na haitakuwa yake"

Kwa mila dhana hii ilikuwa kweli, na kwa tabia za watu bado ni kweli mahali pengi. Kwa sheria, hapana. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory kutoka Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza aliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake ana haki ya kuliuza sawasawa na mwanamume. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zikaandika wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa, mume hawezi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke.

Ugumu unabaki kwenye karatasi. Hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa na halmashauri ya kijiji, inaweza kuandikwa majina mawili, lakini jina la pili halijiandiki lenyewe. Mtu lazima aende na kulidai, pengine mbele ya shemeji zake. Mama mkubwa alilidai akiwa na miaka 61, siku ya maombi ya hati kijijini, mumewe akiwa hai na amekaa kando yake. Shemeji mmoja alimuuliza amepata wapi mawazo hayo. Alimjibu kwamba ameyasikia jumuiya.